Mwaka Tuliochagua Kocha kwa Mifupa ya Samaki

Nilifika Moba kwa boti siku ya tatu ya kilio, kitambaa cha kichwani bado kibichi kwa maji ya ziwa, na mtu wa kwanza niliyemtambua pale uani alikuwa Papa Kisimba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, koti la heshima juu, na chini ya koti fulana ya kijani ya timu yetu ya Mawimbi, ile ya zamani, imepauka mpaka imekuwa na rangi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyochemka kupita kiasi. Huyu ndiye aliyekuwa rais wa mashabiki wa Mawimbi pale Kalemie nilipokuwa msichana. Sasa meno yamemwisha na masikio hayamtumikii vizuri, lakini ulimi ni ule ule. Wala hakuanza kwa kunipa pole. Alinishika mkono, akanitazama, akasema, "Feza, mwizi wangu wa kichwa, umefika." Nikacheka, kisha nikalia, halafu nikawa nafanya yote mawili kwa pamoja. Ndani ya nyumba walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa kwa ajili ya Papa Kalunga, mwalimu wa shule na kocha wa mpira. Alikaa Kalemie mwaka mmoja tu. Mimi nimekaa huko maisha yangu yote, na bado nikiulizwa nani alinifungulia njia, namtaja yeye.

Mambo ya ukoo wangu nitayaacha. Yana wenyewe wa kuyasimulia, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nianze jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa napika katika malewa ya mama yangu mdogo, Mama Anjelani, karibu na bandari. Malewa ni mahali pa kula pa watu wa kawaida: unaingia na njaa, unatoka na jasho. Chumba kilikuwa kimoja, ukuta umepakwa rangi ya samawati mpaka kiunoni, mabenchi ya mbao nzito zilizotoka kwenye reli, na dirisha moja linalotazama ziwa. Nyuma kulikuwa na ua wa jiko, na kati ya ua na chumba kulining'inia pazia la kitenge. Pazia halizuii maneno. Nikiwa nasonga bukari, ugali wetu, nilisikia kila kitu: nani amenunua nyavu mpya, nani amekosana na padri, na zaidi ya yote, mpira. Jumapili baada ya misa mashabiki wa Mawimbi walikuwa wanajaa pale hadi wengine wanakalia ndoo zangu, na mimi, mtu niliyezaliwa na mdomo, nilikuwa najibu hoja zao peke yangu huku nyuma, nikizungumza na sufuria. Siku za mechi nilibeba beseni la mandazi hadi kiwanjani, nikasimama juu ya ukuta mfupi wa upande wa ziwa. Mandazi yalikuwa sababu tu. Nilikuwa naenda kuangalia.

Mwaka ule kocha wetu alituacha mwanzoni mwa msimu. Alipanda boti asubuhi moja akisema anakwenda kumsalimu dada yake, na salamu hizo sidhani kama zimekwisha mpaka leo. Mawimbi ilikuwa ya pili kutoka chini. Timu mbili za mwisho zingeshuka daraja. Komite ya timu ikapata watu wawili waliokubali kuja, ikawaambia mashabiki: ninyi ndio mnaomlaza kocha na kumlisha, basi chagueni ninyi. Sijawahi kusikia kelele kama za Jumapili ile. Fundi Alimasi, mshonaji, ambaye hakuwahi kukosea kipimo cha suruali na kwa hiyo aliamini hawezi kukosea lolote, alikuwa anamtaka mtu wa Lubumbashi. "Ule iko na karatasi," alikuwa anasema. "Amesoma mupira kwa masomo, kwa vitabu. Karatasi zake zinajaa sanduku." Mmoja akamjibu kwamba karatasi haipigi penalti. Mwingine akasema huyu wa pili, mwalimu wa Moba, ni nani anamjua? Amefundisha watoto wa shule, sisi tuna watu wenye ndevu. Kisha Papa Kisimba akagonga meza kwa kijiko, na watu wakanyamaza, maana Papa Kisimba alikuwa amefanya kazi ya kukagua reli miaka mingi, akitembea kwa miguu mpaka upande wa Niemba akitazama msumari mmoja mmoja, na mtu wa namna hiyo akigonga kijiko unamsikiliza.

"Kocha ni sawa mukwe," alisema. "Usimuchague kwa koti. Tutamupa kichwa."

Hapa nieleze, maana nje ya malewa ile sidhani kama mtihani huu uliwahi kufanyika. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mgeni wa heshima, hilo linajulikana. Papa Kisimba alikuwa ameongeza elimu yake mwenyewe. Alidai kwamba kichwa cha kuhe, samaki yule mkubwa wa ziwa letu, humfichua mtu kuliko kiapo. Kuna nyama ya shavu, hiyo kila mtu anaiona. Lakini kuna nyingine nyuma ya jicho, kuna ya chini ya ulimi, kuna ile ndogo tamu iliyojificha kisogoni, na mtu mwenye haraka haifikii kamwe. Mwenye subira anafungua mfupa mmoja mmoja bila kuuvunja. Na kocha, alisema, ni kazi ya subira tupu. Kwa njia hiyo alikuwa amewachunguza wachumba wa binti zake watatu, na alijivuna kwamba hakuna ndoa iliyovunjika. Shida ilikuwa moja: kumkodolea macho mgeni anapokula ni utovu wa adabu, na Papa Kisimba asingeuruhusu hata kwa ajili ya Mawimbi. Kwa hiyo mgeni alikuwa anaachwa peke yake chumbani ale kwa amani, mashabiki wote wanatoka nje na kumpa mgongo, na akishamaliza na kuondoka, mimi naleta sahani. Walikuwa wanasoma mifupa. Watu wazima, na hesabu zao za maisha, wameinamia sahani yenye masalio.

Mtu wa Lubumbashi alikuja kwanza. Alikuwa na adabu, sina neno baya juu yake. Alivaa treningi mpya yenye mistari, akala shavu moja, akajifuta mikono kwa leso, akatazama saa. Nilipoleta sahani, jicho la kuhe lilikuwa bado linatutazama. Papa Kisimba akakigeuza kichwa upande wa pili kwa kidole: shavu la pili halijaguswa. "Huyu," alisema, "tukifungwa goli moja atapanda boti." Fundi Alimasi alinung'unika kwamba huenda mtu alikuwa ameshiba, lakini watu walikuwa wameshaona.

Juma lililofuata akaja Papa Kalunga. Alikuwa mfupi, na mfuko wa shati lake ulikuwa na alama za chaki ambazo sabuni ilishindwa kuzitoa. Siku hiyo mashabiki walikuwa wengi kuliko sahani. Kwa sheria ya Mama Anjelani, wapishi hula baada ya mteja wa mwisho, na mteja wa mwisho alikuwa amemaliza kila kitu. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo uani, nakwangua ukoko wa bukari na kuuchovya kwenye mchuzi uliobaki, wakati pazia liliposogea. Mgeni alikuwa anatafuta maji ya kunawa. Mkononi alikuwa na sahani yake, na kichwa cha kuhe kikiwa kizima.

"Mama, umekula?" akaniuliza. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniita Mama kabla ya siku ile. Nilikuwa "wewe" au "Feza leta chumvi".

"Nitakula, Papa."

"Utakula nini?" Akachungulia sufuria yangu. Kisha akaniwekea sahani magotini. "Kula hii. Mimi kichwa cha samaki sikipendi."

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimesimama jikoni tangu kabla ya misa, na kile kichwa kilikuwa cha mkono wangu mwenyewe, kwa nyanya na ndimu na pilipili ya kijani. Nikala. Yeye akachuchumaa karibu na mtungi, akawa ananawa polepole na kuniuliza habari za timu, kama vile mtu anavyouliza habari za nyumbani. Nani anakimbia vizuri? Nani anamwogopa nani? Nani huchoka mbele ya wengine? Nikamjibu yote, mdomo umejaa, maana ilikuwa mara ya kwanza hoja zangu kupata mtu badala ya sufuria. Nilikula shavu, nikala nyuma ya jicho, nikala chini ya ulimi na kisogoni. Mimi ni mtu wa ziwa. Sikuvunja mfupa hata mmoja. Akaniaga, akatoka kwa mlango wa mbele, na hapo ndipo niliposikia sauti ya Papa Kisimba: "Feza! Leta sahani!"

Nilitazama magotini. Mifupa ilikuwa myeupe kama imeoshwa. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema, na sababu ni mbili: niliogopa, maana nani anakula kichwa cha mgeni? Na nilimtaka huyu awe kocha. Nikapeleka sahani. Papa Kisimba aliitazama muda mrefu, akainua mfupa mmoja akautazama kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona macho yake yana maji. "Wandugu," alisema, "miaka yangu yote sijaona mifupa ya namna hii. Njo huyu, ndiye mwenyewe." Chumba kilipiga kelele mpaka Mama Anjelani akaanza kuyaombea mabati ya paa lake. Mimi nikarudi jikoni nikaosha sahani, na moyo ukaniambia: njia ya mwongo ni fupi.

Ilikuwa fupi kweli. Papa Kalunga akaanza kazi, tukafungwa. Tukafungwa tena. Tukatoka sare moja ambayo tuliishangilia kama kombe, kisha tukafungwa tena. Alilala kwa Papa Kisimba na alikula kwetu, na kila Jumapili nilipomwekea kichwa kama heshima ya kocha, alingoja watu watoke, akakisogeza upande wangu wa pazia bila neno. Nilikuwa nakula kwa hofu, na mifupa safi ikawa inaendelea kumtetea. Maana utetezi wake haukuwa mwingine. Watu walipolalamika, Papa Kisimba aliwaambia mifupa haidanganyi, mumupe wakati. Nami nilikuwa najua jambo jingine nililolisikia kupitia pazia: pale Moba aliacha mke na watoto, na shule ilikuwa imempa ruhusa kwa shingo upande. Akifukuzwa kabla ya msimu kwisha, angerudi akute mwalimu mwingine amesimama kwenye ubao wake. Kwa hiyo kila nilipofikiria kusema ukweli, niliona nyumba ya watu ambao sijawahi kuwaona ikikosa chakula kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo uliokula, na mdomo unaotaka kusema.

Ikafika Jumapili ya shauri. Fundi Alimasi alikuja na watu wake, wakataka aitwe yule wa Lubumbashi kabla timu haijashuka. Papa Kalunga mwenyewe alikuwepo, amekaa benchi la mwisho, mikono juu ya magoti. Walizozana hadi bukari ikapoa, jambo ambalo kwetu ni dalili mbaya. Papa Kisimba akarudia hoja yake ya mifupa, na Fundi Alimasi akasimama.

"Mifupa, mifupa! Nani alimuona akikula? Sisi wote tulikuwa inje, tunamupa mugongo. Kuko mutu mumoja tu alikuwa humu ndani." Akageukia pazia. "Feza, toka. Wewe njo ulileta sahani. Sema mbele ya watu. Kile kichwa alikula nani?"

Nilitoka na mwiko mkononi. Nakumbuka unga ulivyokuwa unakauka kwenye vidole vyangu. Papa Kisimba alikuwa ananitabasamia, ana hakika nami kuliko alivyokuwa na hakika na reli. Nikamtazama Papa Kalunga, nikitarajia anikonyeze, anikataze. Hakunikataza. Alitikisa kichwa kidogo sana, kwa namna ya mwalimu anayemwambia mwanafunzi: jibu tu, usiogope.

"Nilikula mimi," nikasema. "Hicho, na vyote vilivyofuata."

Papa Kisimba alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Fundi Alimasi akafungua mikono: "Mumesikia? Tumechagua kocha kwa tumbo ya mupishi!" Wengine wakacheka, wengine wakasema basi aende hata leo. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu, sikuona sababu ya kunyamaza. Nikawaambia, "Na tena, musimulaumu. Mawimbi hatufungwi mwanzo. Magoli yote tunafungwa mwisho mwisho. Niko nasimama pale ukutani kila mechi. Kipindi cha kwanza wanakimbia, cha pili wanatembea. Kocha gani atafundisha mutu asitembee?"

Papa Kisimba alimgeukia Papa Kalunga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mwalimu, tulikupa heshima yetu. Juu ya nini ukaitoa?"

Papa Kalunga alisimama. "Papa, nilikuta mupishi na njaa," alisema. "Amepikia watu wote, yeye anakula ukoko. Nilipofika kiwanjani nikakuta vile vile. Wachezaji wenu wanakuja kwa mechi na njaa. Mumoja ametoka ziwani asubuhi na hajaweka kitu mudomoni. Munawaimbia, munawapigia ngoma, hakuna anauliza wamekula nini. Huyu mama amesema ukweli: wanakufa kipindi cha pili. Nilisema kwa komite mara mbili, wakaniambia nifundishe mupira. Nilikuwa nangoja ninyi muniulize." Kisha akaongeza kwa haya, "Na kichwa, nisameheni. Sikipendi tu."

Nimeongoza watu kiwanjani miaka mingi tangu siku ile, na nimeona mechi zikigeuka kwa mambo madogo, lakini sijaona chumba kikigeuka kama kile. Mama Anjelani, ambaye kwa mpira hakujua hata timu zinacheza wangapi, alitoka nyuma yangu akasema, "Waje hapa. Kabla ya mechi, wote, waje wakule." Fundi Alimasi, lazima nimpe haki yake, alikuwa wa kwanza kuahidi unga. Wavuvi wakaahidi samaki. Papa Kisimba alikuwa bado ameinama. Alipoinua uso, alinitazama mimi, siyo kocha, akasema polepole, "Basi ule mwenye subira, tuliyemutafuta kwa mifupa, alikuwa huyu." Watu wakacheka, nami nikadhani ni utani wa kuniadhibu. Papa Kalunga hakucheka. "Njo vile, Papa," alisema. "Kesho mazoezi yakianza, aje akae na mimi. Anaona."

Nikaenda. Niliacha beseni la mandazi nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya ukuta, kwenye benchi, na daftari la shule alilonipa. Mawimbi haikushuka. Sitadanganya kwamba tulichukua kombe. Tulibaki kwa sare ya mechi ya mwisho, na mji uliimba kana kwamba tumechukua. Msimu ulipokwisha alirudi Moba kwenye ubao wake. Aliniachia filimbi, na neno moja: kwamba wasichana wanaocheza mchangani nyuma ya bandari nao wanahitaji mtu wa kuwauliza kama wamekula. Hao ndio nilioanza nao, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo, na mvi hizi zote. Kabla ya kuuliza msichana anacheza namba gani, nauliza asubuhi amekula nini. Mara nyingi nilimwandikia, baadaye nikampigia simu, nikamshukuru kwa filimbi, kwa daftari, kwa kuniita Mama. Kwa kichwa sikuwahi kumshukuru sana. Niliona ni kitu alichokuwa hakipendi, na kumpa mwingine kitu usichokipenda ni wema, ndiyo, lakini wema mwepesi.

Basi pale kilioni, mchana, binti yake mkubwa akatupitishia chakula. Mbele ya Papa Kisimba, kwa uzee wake, aliweka sahani yenye kichwa cha kuhe. Papa Kisimba akaisukuma kwangu. "Mupe huyu. Njo mwenyewe." Mke wa marehemu, Mama Sidoni, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu nasi, na nilimwona akitazama ile sahani mpaka uso wake ukalegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Papa yenu angegombana na ninyi," alisema. "Humu ndani hakuna mutu aligusa kichwa cha samaki mbele yake. Hata watoto walikuwa wanajua. Alikipenda kuliko nyama, kuliko kuku. Ule mwaka alitoka kwenu Kalemie, hajaweka hata mufuko chini, akaniambia: Sidoni, nipikie kichwa cha kuhe, mwaka muzima sijakionja. Nikamuuliza, huko Kalemie samaki zimeisha? Akacheka tu."

Papa Kisimba alikuwa hajasikia vizuri, akanivuta mkono: "Anasema nini?" Nikainama, nikamrudishia maneno yote sikioni, kwa sauti kubwa, hadi watu wa mlangoni wakageuka. Midomo yake isiyo na meno ilikuwa inatafuna hesabu: Jumapili zote zile, kichwa kikiwa mbele ya mwalimu, mvuke unampanda puani, na yeye anakisogeza upande wa pazia.

"Mwaka muzima," akasema hatimaye. "Basi mutihani alipita." Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

Nikanawa mikono. Nilikula polepole, shavu, nyuma ya jicho, chini ya ulimi, kisogoni, machozi yakiingia kwenye mchuzi na sikuyafuta. Nilipomaliza, nilinyanyuka na sahani, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Mama Sidoni, nikamwonyesha mifupa, hakuna hata mmoja uliovunjika.